Pumzi Inapokawia Kurudi: Kijitabu cha Mapafu kwa Kaya za Kagongwa

Kuna watu hapa Kagongwa ambao Korona iliwaachia kifua. Homa ilikwisha, kikohozi kikapungua, ndugu wakamshukuru Mungu, lakini aliyekuwa akipakia magunia ya mchele tangu asubuhi mpaka jioni sasa anabeba mawili tu, anashika kiuno na kutweta. Mama aliyekuwa akifika na ndoo kichwani bila kupumzika sasa anaitua njiani mara mbili. Nyumbani wapo wanaomwita mvivu, na wapo wanaonong'ona kwamba amerogwa.

Kijitabu hiki ni cha kaya yenye mtu wa namna hiyo. Pumzi isiyorudi ni ugonjwa unaopimika. Na kwa kuwa sisi tunaishi kati ya vumbi la mashine za mpunga na vumbi la machimbo ya dhahabu, haifai kuupa ugonjwa huo jina kabla ya kuupima.

Wengi wetu hatuna cheti cha kuugua

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, huko Arusha. Mapema Mei mwaka huohuo takwimu zilisimama kutolewa, hesabu ikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na ukimya huo ukadumu zaidi ya mwaka. Mwanzoni mwa 2021 misibani tulisikia "changamoto ya upumuaji", na kila mtu alielewa kinachosemwa. Waliopimwa walikuwa wachache. Wengine walijifunika blanketi juu ya sufuria ya majani, wakajifukiza, wakapona au hawakupona. Na sisi tuko kwenye njia ya malori yanayotoka bandari kavu ya Isaka kwenda Rwanda na Burundi, kwa hiyo ugonjwa haukuwa na sababu ya kutupita.

Matokeo yake, mtu anafika mbele ya daktari bila karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliwahi kuugua. Andikeni wenyewe, kwenye daftari la mtoto wa shule ikibidi: aliugua mwezi gani na mwaka gani, homa ilikaa siku ngapi, je, alipoteza harufu na ladha ghafla, je, aliwekewa oksijeni, nani mwingine aliugua nyumba ile wiki ile. Ongezeni kazi alizowahi kufanya: mgodini, kwenye karasha, kwenye mashine ya kukoboa, kwenye tanuri la matofali. Karatasi hiyo itamsaidia mganga kuliko maelezo ya kukumbukwa juujuu pale dirishani.

Kinachotokea ndani ya kifua

Ndani ya mapafu mna vifuko vya hewa vidogo sana, mamia ya mamilioni. Kuta zake ni nyembamba, na upande wa pili wa ukuta hupita damu. Hapo ndipo oksijeni inapovuka kuingia mwilini. Korona kali hujaza vifuko hivyo majimaji na uvimbe, na wakati mwingine huziba mishipa midogo kwa damu iliyoganda. Uvimbe ukiisha, kwa watu wengi ukuta hurudi kama ulivyokuwa. Kwa baadhi, ukuta hubaki mnene na wenye makovu, kama ngozi iliyoungua na moto: imepona, lakini hainyumbuki tena. Hewa inaingia, ila haivuki vizuri.

Huko Wuhan, China, watafiti waliwafuatilia watu 1,733 waliolazwa na kuruhusiwa kutoka hospitalini. Miezi 6 baada ya kuugua, zaidi ya nusu ya wale waliopimwa mapafu kati ya waliokuwa na hali mbaya zaidi bado walikuwa na upungufu katika kuvusha hewa kuingia kwenye damu. Hata kati ya wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, karibu mmoja kati ya watano alionekana na upungufu huo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hii: dalili ambazo bado zipo miezi 3 tangu mtu augue, zikiwa zimedumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyashika. Hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Mtu wa Kagongwa hawezi kuyasema kabla hajapimwa kifua kikuu.

Vumbi la kwetu

Vijana wetu wengi wamepita Mwime, Mwakitolyo, Nyarugusu au maduara yanayozunguka Bulyanhulu. Mwamba wenye dhahabu una silika. Ukichorongwa au kusagwa ukiwa mkavu hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, na vumbi hilo halitoki tena likishaingia ndani kabisa ya mapafu. Linaweka makovu taratibu, kwa miaka, na dalili zaweza kujitokeza mtu akiwa ameshaacha uchimbaji. Hakuna dawa ya kuyafuta makovu hayo. Tena mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mengine. Nchi za SADC zilitia saini tamko kuhusu kifua kikuu katika migodi mwaka 2012 kwa sababu hiyohiyo.

Sasa chukua mtu huyo, mpe Korona kali, halafu mrudishe kwenye karasha baada ya wiki tatu kwa sababu watoto wanataka ada. Naelewa kwa nini anarudi. Lakini anaongeza kovu juu ya kovu, na akianza kukohoa ataambiwa ni "mabaki ya Korona", kumbe anatembea na kifua kikuu na kuwaambukiza watoto anaolala nao chumba kimoja. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote katika kijitabu hiki, kwa sababu kifua kikuu kinatibika, na vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kwa hiyo: anayekohoa wiki 2 au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda au anayekohoa damu apeleke makohozi yake yapimwe, hata kama ana hakika aliugua Korona. Anayeishi na VVU asisubiri hizo wiki 2; kikohozi chochote kinatosha.

Kama kazi haiachiki, basi mwamba umwagiwe maji kabla na wakati wa kuchoronga na kusaga. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la silika, wala barakoa ya kawaida ya hospitali; inayofaa ni ile nzito ya N95, ikikaa vizuri usoni. Nguo za mgodini zisikung'utwe ndani ya nyumba. Zebaki isichomwe jikoni wala karibu na mtu anayeuguza kifua, kwa maana mvuke wake unaunguza mapafu na kudhuru mishipa ya fahamu. Kwenye mashine za mpunga, aliyetoka kuugua aombe kazi ya mizani au ya kushona magunia mbali na mdomo unaotema pumba, angalau kwa miezi michache. Mwenye mashine anayemkubalia hatapata hasara kubwa. Na nyumbani, moshi wa kuni mbichi nao ni mzigo: mapishi yahamie nje au penye upenyo, kuni zikauke kwanza.

Kupima

Anzeni zahanati au kituo cha afya. Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Kwa mtu mzima mwenye afya husoma 95 au zaidi. Ikiwa chini ya 90 ni dharura. Yafaa kujua kwamba kwa watu weusi kifaa hiki kinaweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi, na kwamba rangi ya kucha, hina na vidole vya baridi huvuruga kipimo. Kwa hiyo mgonjwa anayehema asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba pekee. Ombeni apimwe pia baada ya kusimama na kukaa kitini mfululizo kwa dakika moja, mhudumu akiwa pembeni. Namba ikishuka kwa 4 au zaidi, kuna jambo.

Hatua inayofuata ni picha ya kifua katika Hospitali ya Manispaa ya Kahama. Panapohitajika zaidi, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga au Bugando, Mwanza. Kuna kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine. Kinaweza kutoka vizuri ilhali hewa bado haivuki sawasawa kuingia kwenye damu, ndiyo maana daktari humtembeza mgonjwa pia kwa dakika 6. Kwa wachimbaji wenye tatizo zito, Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, Kilimanjaro, ina huduma ya magonjwa ya mapafu yatokanayo na kazi. Msishangae daktari akipima pia moyo, wingi wa damu na sukari. Kuishiwa pumzi si mara zote kosa la mapafu.

Kuirudisha pumzi

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, hasa ndani ya mwaka wa kwanza. Mwili hauhitaji kulazwa kitandani, na hauhitaji kushindiliwa kazi. Mgonjwa atembee uani mpaka pumzi ianze kupanda ila bado aweze kuongea, kisha apumzike. Akiwa sawa kesho yake, aongeze kidogo. Akiamka amechoka kupita jana, apunguze. Lumbesa, kupasua kuni na kutwanga ni vya mwisho kurudi.

Pumzi ikikata, akae, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti au meza. Avute hewa kwa pua akihesabu moja, mbili. Aitoe polepole kwa midomo iliyobana kama anayepiga mluzi, akihesabu mpaka nne. Kurudia hivyo kwa dakika chache huteremsha hofu pamoja na kutweta. Usiku alale kwa ubavu, au kichwa na mgongo viinuliwe kwa mito.

Kuhusu nyungu: mvuke waweza kulainisha kamasi puani, lakini haufiki kwenye makovu ya mapafu, na maji yanayochemka yameunguza watu. Mwenye pumu aiache. Kubwa zaidi, msinunue prednisolone dukani kwa ushauri wa jirani. Dawa hiyo ina mahali pake daktari akiiandika. Ikitumiwa ovyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, na humfanya mwenye kifua kikuu ajione anapona huku ugonjwa unasambaa. Sigara iachwe kabisa. Na chanjo ya Korona, iliyoanza kutolewa nchini tarehe 28 Julai 2021, hupunguza uwezekano wa kuugua vibaya tena. Ulizeni kituoni utaratibu wa sasa.

Msisubiri asubuhi

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, aliyeanza kuchanganyikiwa, aliyeshikwa na maumivu makali ya kifua ghafla, anayekohoa damu, au aliyevimba mguu mmoja wenye maumivu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kwa ngozi yetu weusi wa buluu hauonekani upesi usoni; tazameni ulimi, fizi na ndani ya midomo.

Kama nyumbani kwako yupo mtu ambaye pumzi yake haijarudi, kaa naye leo muandike ile karatasi, na wiki hii umsindikize kituoni akapimwe makohozi na oksijeni. Ushauri wa Wizara ya Afya unapatikana bure kwa kupiga simu namba 199.