Saa Iliyo Ndani ya Mwili

Mwezi wa Machi 2020 shule za msingi nchini Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zilifunguliwa tarehe 29 Juni, lakini siku zile hakuna mwanafunzi aliyeijua tarehe hiyo. Mtoto asiyengojea kengele ya shule huweza kukesha, kisha akaamka jua limepanda, naye ni mchovu na mwenye hasira. Kwa nini?

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo ifanyayo kazi kama saa. Mwanga wa asubuhi huirekebisha kila siku. Basi amka wakati ule ule, kisha toka nje. Kufagia uwanja, kazi ambayo wengi huinung'unikia, kunafaa sana hapa!

Mtoto wa miaka 11 huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Ukilala saa 2:00 usiku na kuamka saa 12:00 asubuhi, umelala kwa saa ngapi?