Dondoo muhimu: Mashine ya boti, mipigo miwili au minne?

Mvuvi wa kisiwa cha Kudhaa, kusini mwa Somalia, anayenunua mashine ya boti aanze na swali moja: ikizima baharini, nani ataitengeneza? Ya mipigo miwili ni nyepesi, haina vali kama za mipigo minne, na mara nyingi nahodha mwenye spana na plagi ya akiba huiwasha tena papo hapo. Kwa mashua ndogo ya kwenda kuzamia kamba na kurudi, mimi ningechukua hiyo.

Ila inakula petroli, na kila dumu hulipwa kwa fedha ya samaki. Anayekwenda Kismayo na mzigo mara kwa mara ataokoa zaidi kwa mipigo minne, mradi abadilishe oili kila baada ya saa 100 hivi na asiilaze ovyo ufukweni, maana oili huingia kwenye silinda.

Mchanganyiko wa petroli na oili kwa mipigo miwili usikisiwe kwa jicho. Mashine nyingi hutaka 50 kwa 1: petroli lita 20, oili mililita 400, tena oili ya mashine za boti, si ya pikipiki. Soma kitabu cha mashine yako kwanza. Aina zote mbili zisuuzwe kwa maji matamu, hata ndani ya pipa. Chumvi huziba njia za kupozea.