Msomi akiisema serikali, tupime nini?

Kila bajeti inaposomwa au muswada mzito unapofikishwa bungeni, wasomi wa vyuo vikuu huhojiwa redioni na magazetini. Jioni yake, vijiweni na kwenye baraza za misikiti hapa Arusha, watu hugawanyika. Wapo wasemao, "Profesa kamaliza kazi." Wengine hujibu, "Huyo mpinzani tu." Mimi nasomesha vijana maarifa ya Uislamu, na huwaambia kuwa kauli zote mbili ni za uvivu. Kumkubali mtu kwa shahada yake na kumkataa kwa chama anachodhaniwa kuwamo ni mamoja: hoja yenyewe haijaguswa.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Khalifa Harun al-Rashid alimtaka Kadhi wake Mkuu, Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, amwandikie kuhusu kodi ya ardhi. Abu Yusuf akaandika Kitab al-Kharaj. Humo alishauri mkulima atozwe sehemu ya mavuno badala ya kiwango kisichobadilika, na akaonya juu ya watoza kodi wanaodhulumu raia. Alikuwa mtumishi wa dola, lakini ushauri wake ulimtazama mkulima.

Tuje nyumbani. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume haikujifungia ofisini. Ilizunguka mikoa ya Bara, ikafanya mikutano zaidi ya 200 na kuwasikiliza wananchi. Mwaka 1992 ilikabidhi ripoti. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kwamba ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, na ardhi nyingine iwe chini ya tume ya taifa ya ardhi, badala ya yote kubaki kwa Rais.

Serikali haikukubali. Ilihofia kwamba ingelazimika kuomba ardhi kila inapotaka kufanya maendeleo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zikaiacha ardhi yote chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya kulipima neno hilo "maendeleo". Mwaka 1951 wakoloni waliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Kirilo Japhet akayafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Kwa hiyo msomi akizungumza, tujiulize mambo matatu. Kwanza, amemsikiliza nani kabla ya kusema? Pili, ushahidi wake uko wapi? Tatu, ushauri wake ukifuatwa, nani atapata na nani atapoteza? Tumuulize vivyo hivyo waziri, na hata sisi walimu wa dini tunapogusia uchumi mimbarini.

Kisha tusiishie kusikiliza. Sheria ile ya Vijiji, pamoja na upungufu wake, inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Wengi wetu tunaishi mjini, lakini wazee na ndugu zetu wanalima kwenye miteremko ya Meru na vijiji vingine. Tunapokwenda kuwajulia hali, tuwaeleze kifungu hicho, na tuwahimize wahudhurie mkutano unapoitwa, akina mama wakiwemo. Tume ilizunguka mikoa ya Bara kuuliza wananchi wanataka nini. Siku ya kugawa shamba la kijiji, hakuna profesa atakayenyoosha mkono kwa niaba yao.