Picha za Usiku na Mahali pa Kuziweka

Kaka na dada, kila tukirudi kutoka futari ya pamoja Nabuyoga naletewa simu tano sita nizitazame, na malalamiko ni yale yale: nyuso zimekuwa nyeusi, taa imekuwa kama jua, watoto wamegeuka moshi. Simu hazina kosa kubwa. Ni wakati wenyewe ulio mgumu. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni mwaka mzima, na mwanga unaobaki baada ya hapo hudumu dakika 20 hivi. Ukifungua kwa tende, ukaswali Maghrib na kurudi kwenye mkeka, giza limeshaingia. Basi picha ya kundi zima ipigwe kabla ya adhana, wakati watu wanatandika mikeka na kupanga vikombe.

Baada ya hapo utategemea taa, na mwanga wa taa hufifia upesi kuliko tunavyodhani. Aliye mita 2 kutoka kwenye taa ya sola anapata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 1. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote kwenye simu, msogeze mtu karibu na taa, au omba taa isogezwe. Iwe ubavuni mwake, si nyuma yake. Kanzu nyeupe ya aliyekaa upande wa pili itarudisha mwanga kidogo kwenye shavu lililo gizani; hakuna studio inayokupa hicho bure.

Kwa simu: futa lenzi kwanza, maana vumbi la barabara ya murram na mafuta ya sambusa ndiyo yanayozungushia kila taa ukungu. Tumia lenzi kuu, na usivute kwa vidole. Tembea, msogelee mtu. Gusa uso kwenye kioo, kisha punguza mwanga kidogo ili taa isiungue. Hali ya usiku hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, hivyo inafaa kwa msikiti, mti au mzee aliyetulia, na haifai kabisa kwa mtoto anayekimbilia maandazi. Egemeza viwiko kwenye nguzo, toa pumzi, ndipo ubonyeze.

Wenye kamera, anzeni na kasi ya shata ya 1/60 kwa mtu aliyekaa na 1/125 kwa anayegawa chakula, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha pandisheni ISO hadi 1600 au 3200 bila woga. Chenga kwenye picha zinavumilika. Picha iliyotikisika haina dawa. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne ya ile ya f/3.5 inayokuja na kamera nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo ya kununua kabla ya kufikiria kubadilisha kamera.

Fleshi niiseme peke yake. Ndani ya msikiti watu wakiwa kwenye Tarawehe, izimeni, pamoja na ule mlio wa shata. Na dada asiyetaka kupigwa picha asipigwe. Asipigwe kwa mbali wala kwa mgongo.

Sasa kuhifadhi, ambako ndiko tunakopoteza zaidi. Mwaka 2015, katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda, Kampala, lilifunguliwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda. Kilichoziokoa zisiwe takataka ni jambo dogo: wapiga picha wa serikali walikuwa wameziweka kwenye bahasha na kuandika juu yake tarehe na tukio. Bila maandishi yale, zingekuwa sura za watu tu.

Sisi bahasha yetu ni folda. Iandikeni mwaka kwanza, kisha mwezi, siku, mahali na tukio, mfano 2024-03-23_Nabuyoga_futari, nazo zitajipanga zenyewe kwa tarehe. Ndani yake wekeni faili fupi ya maandishi: nani wako pichani, nani alipiga, na nani hakuridhia picha yake itoke. Mzee mmoja wa Nabuyoga alituomba picha ya marehemu mkewe, aliyekubali kupigwa akigawa uji miaka miwili nyuma. Tuliipata kwa dakika tano kwa sababu jina la bibi lilikuwa limeandikwa. Mzee hakuwa na picha yake nyingine yoyote. Aliuliza pia za mwaka uliotangulia. Hizo zilibaki kwenye simu ya ndugu aliyehitimu, na simu iliibiwa.

Chujeni usiku ule ule, kabla hamjasahau majina. Katika picha 300 bakizeni 40. Msipeane kwa WhatsApp kama picha, kwani huzibana na kuondoa tarehe iliyomo ndani ya faili. Tumeni kama dokumenti. Wekeni nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na ya tatu nje ya jengo hilo, iwe mtandaoni au nyumbani kwa mlezi wa jumuiya. Kadi ya memori isifutwe kabla nakala mbili hazijafunguliwa na kuonekana. Na viongozi wakibadilishana ofisi, diski pamoja na neno la siri viandikwe kwenye hati ya makabidhiano, sawa na funguo na daftari la michango.