Kompyuta Inavyosaidia Kutafuta Betri Bora za Sola

Nyumba nyingi zisizofikiwa na nyaya za stima hutegemea sola. Paneli hukusanya nguvu za jua mchana, nayo betri huzihifadhi kwa matumizi ya usiku. Betri ikichoka, kununua nyingine ni mzigo kwa familia. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta njia za kuunda betri zinazodumu na zenye bei nafuu.

Kwa nini utafutaji ni mgumu?

Michanganyiko ya kemikali inayoweza kutumika katika betri ni mamilioni. Kutengeneza na kupima mmoja tu maabarani kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Hakuna maabara inayoweza kuijaribu yote.

Kompyuta hufanya nini?

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomi. Mtafiti huieleza kompyuta ni atomi zipi zimo na zimepangwaje. Kwa kufuata kanuni za fizikia, programu hupiga hesabu na kuonyesha kama atomi hizo zitashikamana au zitatawanyika, na kama umeme utahifadhika vizuri. Ni kama fundi cherehani anayekata karatasi kwanza kabla ya kugusa kitambaa: akikosea, hasara ni ndogo.

Mfano halisi

Januari 2024, kampuni ya Microsoft na maabara ya taifa ya Pacific Northwest nchini Marekani zilitangaza matokeo ya kazi kama hiyo. Kompyuta zilianza na michanganyiko zaidi ya milioni 32. Baada ya takriban saa 80, ilibaki 18. Watafiti walichagua mmoja, wakautengeneza na kuujaribu. Katika mchanganyiko huo, sehemu ya lithiamu inachukuliwa na sodiamu, ambayo hupatikana hata katika chumvi ya kula. Ilikadiriwa kuwa unaweza kupunguza lithiamu inayohitajika kwa hadi asilimia 70.

Hata hivyo, betri hiyo haikuwa tayari kuuzwa. Kompyuta hupunguza orodha, lakini maabara ndiyo hutoa uamuzi. Mkazi anayesikia habari za betri mpya anafaa kuuliza: je, imejaribiwa kwa muda gani, au ingali hesabu tu?

Nafasi ya vijana wetu

Elimu hii haiko ng'ambo pekee. Mwaka 2012, mji wa Eldoret ulikuwa mwenyeji wa mafunzo ya uigaji wa aina hii kwa watafiti kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Programu kama Quantum ESPRESSO hutolewa bila malipo, na mwanafunzi anaweza kuanza kujifunza kwa kompyuta ya kawaida, ingawa hesabu kubwa huhitaji mashine zenye nguvu zaidi. Wanafunzi wanaovutiwa na kazi hii watilie mkazo hesabu, fizikia, kemia na masomo ya kompyuta.