Picha ya Kifua Baada ya Mtoto Kupasuliwa Koo

Njia ya pumzi ya mtoto mdogo ni nyembamba mno. Ikizibwa na uvimbe, madaktari huweza kumpasua shingoni na kutia mpira mdogo, apate kupumua kwa tundu hilo. Mtoto wa Embu au Meru mwenye shida hiyo huenda akapelekwa hata Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi.

Baada ya upasuaji, desturi ya siku nyingi ni kumpiga mtoto picha ya kifua kwa eksirei, mionzi iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895. Daktari hutafuta mambo mawili katika picha hiyo. Kwanza, mahali ulipofika mpira. Ukishuka kupita kiasi huingia upande wa pafu moja, mara nyingi la kulia, na pafu jingine likakosa hewa. Pili, hewa iliyovuja ikakaa kati ya pafu na mbavu, ikalibana pafu.

Siku hizi madaktari wengi wanaona kwamba, ikiwa upasuaji ulikwenda vizuri na mtoto anapumua kwa raha, ni nadra picha hiyo kubadili matibabu. Kadhalika, kumhamisha mtoto hadi chumba cha picha kwaweza kuuchomoa mpira. Lakini akihema kwa shida, au kifua kikiinuka upande mmoja tu, yapasa achunguzwe bila kukawia.

Basi mzazi asidhani kuwa mwanawe amepuuzwa asipopigwa picha. Wala aliyepigwa asidhaniwe kuwa hatari imekwisha. Picha huonyesha hali ya dakika ile tu. Yaweza kuwa safi asubuhi, na jioni kohozi likauziba mpira.

Kwa hiyo, kabla ya kurudi nyumbani, yafaa watu wawili wa nyumba hiyo, kama mama na nyanya, wafundishwe kunyonya kohozi kwa mashine na kubadili mpira. Hewa ipitayo shingoni haichujwi wala kupashwa joto puani. Hivyo moshi wa kuni, vumbi la Mbeere na Tharaka, na baridi ya Julai kwenye miteremko ya Mlima Kenya humdhuru upesi. Asilale jikoni penye moshi, wala asiachwe peke yake usiku. Mara nyingi mtoto wa namna hii hulia bila sauti kusikika. Mlezi hawezi kutegemea masikio, bali macho.