Saa Zinazoyeyuka: Mchoro wa Dalí na Fumbo la Kifo

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu wetu. Tunaposimama kaburini, sisi mafrateri na hata makatekista wetu, tuna kishawishi kimoja: kukimbilia neno "ufufuko" kabla mfiwa hajapata nafasi ya kulia. Kwa hiyo katika somo hili tumechagua mchoro usiokimbilia popote.

Unaitwa "Kudumu kwa Kumbukumbu". Salvador Dalí, mzaliwa wa Figueres nchini Hispania, aliuchora mwaka 1931 kwa mtindo wa surealizimu, yaani sanaa inayoonyesha mambo kama yanavyotujia ndotoni. Ni mdogo, sentimita 24 kwa 33, unazidi kidogo tu karatasi ya A4. Unatunzwa New York.

Tunaona ufuko mtupu, na kwa mbali miamba ya kwao Dalí. Saa tatu za mfukoni zimelegea kama nguo iliyoanikwa: moja kwenye tawi la mti mkavu, moja ukingoni mwa meza, moja juu ya kiumbe laini aliyefumba jicho, ambamo wengi wameona sura ya mchoraji mwenyewe. Dalí alisimulia kwamba wazo la saa hizo lilimjia alipotazama jibini iliyolainika baada ya chakula cha jioni. Basi tusitafute falsafa kubwa mno hapo.

Tutazame badala yake saa ya nne, ambayo wengi huipita. Hiyo peke yake ni ngumu, imefungwa, imelazwa kifudifudi. Nayo imejaa siafu, wamekusanyika juu yake kama juu ya nyama. Utotoni Dalí aliwahi kuona wadudu hao wakimla popo, na tangu hapo walibaki katika kazi zake kama alama ya kuoza. Kifo hakikuwa kigeni nyumbani kwao: kaka yake, aliyeitwa pia Salvador, alifariki kabla yeye hajazaliwa, na mama yake alifariki mwaka 1921. Hata muda tulioufungia vizuri, mchoro unasema, unaliwa.

Wapo wanaosema saa zilizolegea ni picha ya uzima wa milele, kwa kuwa huko saa hazina kazi. Hatukubaliani nao. Umilele tunaoukiri ni utimilifu, wala si muda uliooza. Dalí wa wakati ule alikuwa mbali na Kanisa, na alichochora ni kifo kisicho na mtu wa kukijibu. Ufukoni hakuna hata nyayo.

Miaka 20 baadaye alirudi kwenye pwani ileile. Wakati huo alikuwa ameanza kuikaribia tena imani, na mwaka 1949 alikutana na Papa Pius XII. Katika "Kristo wa Mtakatifu Yohane wa Msalaba" wa mwaka 1951, ulioko Glasgow, Msalaba unaning'inia juu ya ghuba ya Port Lligat, nasi tunamtazama Bwana kutoka juu, uso wake hatuuoni. Wazo la kumtazama hivyo lilitokana na mchoro mdogo wa Mtakatifu Yohane mwenyewe, unaotunzwa Ávila.

Hapa tunamlalamikia Dalí kidogo. Kristo wake hana misumari, hana damu, hana taji la miiba. Ni mzuri mno. Bwana Mfufuka alimwonyesha Tomaso madonda, hakuyaficha. Na mfiwa anayeambiwa habari ya Kristo asiye na jeraha ana haki ya kuuliza kama huyo anajua siafu ni nini.

Ndiyo maana tunashauri picha hizi mbili ziwekwe pamoja mezani kwenye tafakari ya jumuiya, ile ya siafu kwanza. Watu waitazame bila haraka, na anayetaka kumtaja marehemu wake amtaje. Kisha iletwe ya pili, na mtu aonyeshe sehemu ya chini kabisa, chini ya miguu ya Msalaba: ghuba ileile, maji yametulia, na safari hii kuna wavuvi na mashua yao.